Kuitembelea Forodhani Bila Kiongozi: Mwongozo kwa Mkazi wa Bagamoyo

Miongoni mwa maeneo ya wazi ya umma yanayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki, hakuna lililo karibu na historia ya Bagamoyo kuliko Forodhani, uwanja na bustani iliyo mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kati ya Bagamoyo na Unguja kuna bahari ya kilometa zipatazo 40 tu. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji zilifika Bagamoyo, zikapakiwa majahazini, na kuvushwa hadi ng'ambo. Huko zilishushwa na kutozwa ushuru katika ufuko huohuo ambao leo familia huketi jioni kula pweza na kunywa maji ya miwa.

Hata hivyo, wakazi wengi wa wilaya huiona Forodhani kuwa ni mahali pa wageni wa kutoka mbali, panapohitaji fedha nyingi na mtu wa kuongoza njia. Dhana hiyo si sahihi. Forodhani ni mali ya umma, haina lango la kulipia, na majengo yake makuu yamepangana kwenye mwendo usiozidi kilometa moja kutoka bandarini. Anayejiandaa vizuri anaweza kuizungukia kwa miguu, kwa mwendo wake mwenyewe, na kuelewa anachokiona. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari hiyo, mpangilio wa kuyafuata majengo, na mambo ambayo mkazi anayelipa ushuru na kutumia huduma za umma anaweza kujifunza huko.

MAANA YA JINA

Neno "Forodhani" linatokana na "forodha", yaani mahali pa kukagulia bidhaa na kuzitoza ushuru. Kabla ya kuwa bustani, ufuko huu ulikuwa mlango wa biashara ya Dola ya Zanzibar. Pembe, karafuu, sandarusi, nguo na shanga zilipita hapa. Binadamu nao walipita hapa: watumwa waliovushwa kutoka bara, hususan kupitia Kilwa na bandari nyingine za mwambao, walihesabiwa kwa kichwa na kutozwa ushuru kama mzigo mwingine wowote.

Kwa sababu hiyo, anayefika Forodhani bila kiongozi anaweza kujiuliza swali moja mbele ya kila jengo: fedha za kulijenga zilitoka wapi, na nani alinufaika nalo? Swali hilo humsaidia mgeni kuunganisha majumba ya kifalme, ngome, zahanati na bustani katika simulizi moja, bila kulazimika kukariri majina na tarehe nyingi.

MAANDALIZI KABLA YA SAFARI

Jambo la kwanza ni kitambulisho. Kila abiria anayenunua tiketi ya boti huandikwa jina lake, na hutakiwa kuonesha kitambulisho. Kitambulisho cha Taifa kina faida nyingine pia: katika makumbusho ya Zanzibar, kama ilivyo Tanzania Bara, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje ya nchi. Kwa watoto, ni vyema kubeba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mkazi ambaye bado hajapata kitambulisho aulize mapema katika ofisi ya tiketi ni nyaraka gani zinazokubalika, badala ya kusubiri hadi siku ya safari.

Jambo la pili ni chombo cha kusafiria. Njia iliyo salama kwa mkazi wa Bagamoyo ni kupanda basi hadi Dar es Salaam, kuchukua daladala ya kuelekea Posta au Kivukoni, na kupanda boti ya abiria katika bandari iliyo mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Boti za mwendo kasi huchukua takribani saa mbili hadi Unguja. Majahazi na mashua zinazobeba mizigo kati ya Bagamoyo na Unguja si vyombo vya abiria, hata kama nauli yake ni nafuu na safari yake ni fupi. Taifa limekwisha kulipa gharama kubwa ya uzembe baharini: meli ya MV Spice Islander ilizama mwezi Septemba 2011 karibu na Nungwi, na MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilizama mwezi Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe. Mamia ya watu walipoteza maisha katika ajali hizo mbili. Orodha ya majina ya abiria, maboya ya kujiokolea na idadi maalumu ya watu chomboni si usumbufu wa kiofisi. Ni kinga ya msafiri mwenyewe. Abiria aangalie yalipo maboya mara tu anapoketi.

Jambo la tatu ni tiketi. Zinunuliwe kwenye ofisi za kampuni ya boti au kwa wakala anayetambulika, na si kwa mtu anayezipunga mkononi nje ya lango. Mwishoni mwa juma na kuelekea sikukuu za Idi, Krismasi na Mapinduzi, boti hujaa. Anayesafiri na familia anunue mapema, na anunue tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja.

Jambo la nne ni majira. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inaweza kuharibu matembezi ya siku nzima. Upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka, na wasiozoea huugua. Ni vyema wakae sehemu ya katikati ya boti na wasile chakula kizito kabla ya safari. Katika mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana hakufanyiki Zanzibar, na biashara ya chakula Forodhani huanza baada ya kufuturu. Ijumaa adhuhuri, maduka na ofisi nyingi husimama kwa ajili ya sala.

Mwisho, mavazi. Mji Mkongwe ni makazi ya watu. Nguo zinazofunika mabega na magoti ndizo zinazostahili kwa wanaume na wanawake. Mifuko ya plastiki ni marufuku pande zote mbili za bahari. Kapu la ukili au mfuko wa kitambaa unatosha kubebea maji na vitafunio vya watoto.

SIKU MOJA AU MBILI?

Uamuzi huu ndio unaoamua bajeti yote. Kwa kawaida, boti za mwendo kasi za kurudi Dar es Salaam za mwisho huondoka alasiri, ilhali soko la chakula la Forodhani huanza jua linapokaribia kuzama. Kwa hiyo, anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo ataona majengo, lakini hataliona soko. Anayetaka vyote viwili hana budi kulala usiku mmoja.

Kwa anayekwenda siku moja, apande boti ya kwanza ya asubuhi, aanze matembezi kabla ya saa tano, na awe amerudi bandarini angalau saa moja kabla ya boti yake kuondoka. Mkazi wa kata za mbali na mjini Bagamoyo atalazimika kulala Dar es Salaam kwa ndugu au jamaa usiku wa kuamkia safari, kwani basi la alfajiri haliwezi kumfikisha bandarini kwa wakati kwa uhakika.

Kwa anayelala, matembezi yafanyike alasiri, jua linapopungua ukali. Soko lifuatie jioni, na makumbusho yaachwe kwa asubuhi ya siku ya pili. Nyumba za wageni za bei ya wastani zipo katika mitaa ya Malindi, karibu na bandari, na nje kidogo ya Mji Mkongwe. Bei iulizwe kwa simu kabla ya kufika, na mwulizaji aeleze kuwa yeye ni Mtanzania.

KUTOKA BANDARINI

Nje ya lango la bandari ya Malindi, msafiri hupokewa na watu wengi wanaojitolea kumwongoza. Baadhi yao ni waongoza watalii wenye vitambulisho, ambao kazi yao ni halali na yenye manufaa kwa anayetaka maelezo ya kina. Wengine ni wale wanaoitwa mapapasi, ambao humfuata mgeni na mwishoni kudai malipo ambayo hayakukubaliwa. Jibu fupi la heshima, "Ahsante ndugu yangu, tunaijua njia", huwa linatosha. Anayeamua kumchukua kiongozi akubaliane naye malipo na muda kabla ya kuondoka langoni.

Njia yenyewe haipotezi mtu. Ukitoka bandarini, unageukia kulia na kuifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa upande wa kulia na majengo yakiwa kushoto. Mbele yako kuna vituo saba.

Kituo cha kwanza: Zahanati ya Zamani. Hili ni jengo la ghorofa lenye baraza za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa asili ya Kihindi aliyepata pia kuwa msimamizi wa forodha ya Sultani, ndiye aliyeanzisha ujenzi wake mwaka 1887, na ulikamilika mwaka 1894 baada ya kifo chake. Kwa miongo mingi lilitumika kama zahanati, dawa zikitolewa chini na madaktari wakiishi juu. Baadaye liliachwa, likachakaa, na katika miaka ya 1990 likakarabatiwa. Mgeni atazame nakshi za baraza, kisha alikumbuke jengo hili atakapofika kituo cha tano.

Kituo cha pili: Mti Mkubwa. Mti huu ulipandwa mwaka 1911 na Sultani Khalifa bin Haroub, mwaka aliotawazwa. Kivuli chake kimekuwa maegesho ya mabaharia na mafundi wa vyombo kwa zaidi ya miaka 100. Ni mahali pazuri pa kupumzisha wazee na watoto.

Kituo cha tatu: Jengo la Forodha ya Zamani. Lango lake la mbao lililochongwa ni la kutazamwa kwa makini. Kwa miaka mingi jengo hili limehifadhi shule ya muziki inayofundisha taarabu, udi, ganuni na ngoma za asili. Ni mfano mzuri wa jengo la serikali lililokoma kazi yake ya mwanzo, kisha likapewa kazi mpya badala ya kuachwa libomoke.

Kituo cha nne: Kasri ya Beit al-Sahel. Kasri hii nyeupe ilikuwa makazi ya masultani hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na tangu mwaka 1994 imekuwa makumbusho. Kiingilio hulipwa mlangoni, na mgeni ahakikishe kwanza kama iko wazi siku hiyo. Miongoni mwa mambo yanayoelezwa humo ni maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 kumbukumbu za maisha yake zikachapishwa kwa Kijerumani. Kando ya kasri yapo makaburi ya masultani, akiwemo Said bin Sultan aliyefariki mwaka 1856.

Ni katika eneo hili pia palipopiganwa vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti, saa 3 na dakika 2 asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kufyatua mizinga kutoka baharini. Katika muda wa chini ya dakika 45, Wazanzibari wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na kasri ya Beit al-Hukm iliyokuwa jirani iliharibiwa kabisa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, na kukaa huko mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Anayesimama ufukoni na kuitazama bahari, kisha kugeuka kuitazama kasri, huelewa mara moja jinsi umbali kati ya mizinga na shabaha ulivyokuwa mdogo.

Kituo cha tano: Beit al-Ajaib. Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said kwa ajili ya sherehe za kidola. Liliitwa hivyo kwa sababu lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na kwa lifti yake ambayo watu wa zama hizo hawakuwa wameiona. Mbele yake ipo mizinga miwili ya Kireno. Baada ya vita vya mwaka 1896 liliongezewa mnara wa saa, na baadaye likatumika kama ofisi za serikali ya kikoloni, kisha makumbusho.

Mgeni asishangae kulikuta katika hali tofauti na ile ya kwenye picha za zamani. Kwa miaka kadhaa jumba lilikuwa limechakaa; sehemu za baraza na paa zilikwisha kuanguka, na wageni wakazuiwa kuingia. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi za ukarabati zikiendelea, upande mkubwa wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Mgeni alitazame jumba kutoka nje, asivuke uzio, na watoto wasiachwe kuusogelea.

Hapa ndipo panapofaa kusimama kidogo na kufikiri. Jumba hili lilijengwa katika zama ambazo hazina ya Sultani ilitegemea sana ushuru wa forodha, ukiwemo ule uliokusanywa Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima. Mapato ya zama hizo hayakuishia kwenye anasa tu: Barghash huyohuyo alijenga mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Mwezi Aprili 1888, mrithi wake, Khalifa bin Said, aliikodisha forodha ya mwambao kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi Agosti mwaka huohuo wenyeji wa Pangani wakaanza kuinuka dhidi ya utawala huo mpya. Suala la nani anakusanya ushuru, na kwa manufaa ya nani, liliweza kuwasha moto katika pwani nzima.

Kituo cha sita: Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga ngome hii mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwashinda Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Imewahi kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika kama karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Leo ndani yake kuna maduka ya kazi za mikono na ukumbi wa wazi wenye ngazi za mduara, ambamo matamasha makubwa ya Sauti za Busara na ya filamu za nchi za jahazi yamekuwa yakifanyika. Vyoo na kivuli hupatikana humo, jambo ambalo wenye watoto hulithamini.

Kituo cha saba: bustani yenyewe. Mkabala na Ngome Kongwe na Jumba la Maajabu ndipo ilipo Bustani ya Forodhani. Ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Kibanda cha bendi kilichopo katikati ni kumbukumbu ya enzi ambazo wananchi walikusanyika jioni kusikiliza muziki wa tarumbeta. Kufikia mwanzoni mwa karne hii, ukuta wa bahari ulikuwa umedhoofika, nyasi zimekufa, na maji machafu ya soko yakitiririka ovyo. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliikarabati na kuifungua tena mwaka 2009, ikiwa na ukuta mpya, taa, njia za kupita, miti na sehemu maalumu ya wauza chakula. Mji Mkongwe wote, ikiwemo Forodhani, umekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Matembezi haya kutoka bandarini hadi bustanini huchukua saa mbili kwa mwendo wa taratibu, bila kuhesabu muda wa ndani ya makumbusho.

JIONI SOKONI

Jua linapoelekea kuzama, vijana hukusanyika ukingoni na kurukia baharini huku watu wakiwashangilia. Watoto wa wageni wasiruhusiwe kuwaiga. Vijana wale wanakijua kina cha maji na saa za kupwa na kujaa.

Wakati huo meza za chakula huwa zinapangwa na karabai au taa kuwashwa. Hupatikana mishikaki ya nyama na ya samaki, pweza, ngisi, ndizi za kuchoma, urojo, chapati zilizojazwa nyama na mayai zinazojulikana kama piza ya Zanzibar, na maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kanuni tatu zitamlinda mnunuzi. Kwanza, bei iulizwe kabla ya chakula kuwekwa kwenye sahani, na ijumlishwe kabla ya kula. Pili, samaki na pweza wachomwe upya mpaka wapate moto hadi ndani; kilichokaa mezani muda mrefu kiachwe. Tatu, kabla ya kununua, mgeni azunguke meza zote mara moja na kuona wenyeji wananunua kwa nani.

Fedha na simu zihifadhiwe mfuko wa mbele. Anayetaka kupiga picha ya mtu aombe ruhusa kwanza. Taka ziwekwe kwenye mapipa, hata kama wengine wanazitupa chini.

MKUNAZINI, KWA WENYE NAFASI

Simulizi ya forodha haikamiliki bila Mkunazini, ambako ni mwendo wa takribani robo saa kwa miguu kutoka Forodhani kupitia vichochoro. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Uingereza. Mwaka huohuo ujenzi wa Kanisa Kuu la Kianglikana ulianza kwenye uwanja huo, chini ya uongozi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu na ambaye pia anajulikana kwa kazi zake juu ya sarufi ya Kiswahili. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kiingilio hulipwa. Wazazi wazungumze na watoto wadogo kabla ya kuingia, ili waelewe wanachokwenda kukiona.

Utumwa wenyewe haukupoteza uhalali wake Zanzibar hadi mwaka 1897. Kwa familia nyingi za mwambao wa Bagamoyo, ambako watu wa makabila mengi ya bara walifika kwa hiari au kwa nguvu, hii si historia ya watu wengine.

SHULE NA VIKUNDI

Shule inayotaka kuwapeleka wanafunzi Forodhani huanza kwa Mkuu wa Shule au Mwalimu Mkuu kuwasilisha maombi ya kibali kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia idara ya elimu inayohusika. Maombi yaoneshe lengo la ziara, orodha ya wanafunzi, walimu wasimamizi, chombo cha usafiri, mahali pa kulala na mchanganuo wa gharama. Ridhaa ya wazazi iwe ya maandishi. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kuadhibiwa au kutengwa darasani kwa sababu mzazi wake hakuweza kuchangia ziara.

Vikundi vya wazee, akina mama na vijana vinaweza kupata barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kata. Barua hiyo husaidia wakati wa kuomba nafuu ya kiingilio au kupanga malazi ya pamoja. Kikundi kiteue mtu mmoja wa kutunza tiketi, mmoja wa kutunza fedha, na mmoja wa kuhesabu watu kila mnapoondoka kituo kimoja kwenda kingine.

Mwanafunzi anaweza kupewa kazi ndogo ya kufanya njiani: kwa kila kituo, aandike jengo lilijengwa lini, lilitumika kwa kazi gani mwanzoni, linatumika kwa kazi gani sasa, na nani anapaswa kulitunza. Atakaporudi, ajibu maswali hayohayo kuhusu Ngome Kongwe ya Bagamoyo, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, au magofu ya Kaole.

KINACHOBAKI BAADA YA SAFARI

Katika mwendo wa chini ya kilometa moja, mgeni wa Forodhani hukutana na mifano miwili iliyo wazi. Zahanati ya Zamani na bustani zilichakaa, zikakarabatiwa kwa wakati, na leo zinatumika. Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa fahari ya mji mzima, lilionesha dalili za kuchoka kwa miaka kadhaa kabla ya kuporomoka na kuua watu. Nyufa ndogo katika zahanati ya kijiji, paa linalovuja darasani, au mfereji ulioziba sokoni ni mambo ya namna hiyohiyo. Mkazi anayeyaona anayo haki, na wajibu, wa kuyataarifu kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Kitongoji chake, au kwa Mtendaji wa Kata, na kuyauliza tena katika mkutano mkuu wa kijiji pale mapato na matumizi yanaposomwa.

Kwa muhtasari, msafiri akumbuke yafuatayo: kitambulisho mkononi; tiketi kutoka ofisi inayotambulika; boti ya abiria na si jahazi la mizigo; uamuzi wa siku moja au mbili kabla ya kupanga bajeti; uhakika wa saa za makumbusho; bei kabla ya chakula; na kurudi bandarini saa moja kabla ya boti kuondoka. Mengine yote yatapatikana kwa kuuliza, na Kiswahili cha Unguja hakihitaji mkalimani.